Kundi lenye jina la ukungu wa mavi ya ng'ombe, na ugomvi wa nani mwenye ngoma

Ukilitazama kundi la Pilobolus la Marekani kwa mara ya kwanza unaweza kudhani macho yanakudanganya. Unaona mdudu mwenye miguu minane anatembea jukwaani, ukikaza macho unagundua ni watu wanne wamebebana. Mguu huu wa nani? Mkono ule umetokea wapi? Wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1971. Majina ya wahusika nayaacha makusudi, maana wenyewe walitaka kundi lijulikane kuliko mtu, na hapo hapo ndipo mambo yalipokuja kuharibika.

Jina kwanza. Pilobolus ni ukungu unaoota juu ya mavi ya wanyama wanaokula majani. Unageukia mwanga, kisha unafyatua vijimbegu vyake hadi umbali wa mita 2 hivi, wakati wenyewe ni mdogo sana. Baba wa mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanasayansi aliyeuchunguza maabara, na vijana wakaona jina ndilo hilo.

Walikuwa wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, New Hampshire, enzi hizo kikiwa bado chuo cha wanaume. Wanawake walianza kupokelewa rasmi 1972. Mwalimu kijana wa kike alikuwa na darasa la kutunga ngoma, na waliojaa humo ni watu wa michezo: mmoja anasoma fasihi na kuteleza kwenye theluji, mwingine anasoma falsafa. Wachezaji hawakuwa. Mwalimu angeweza kuwafundisha hatua za kawaida, moja, mbili, tatu, geuka, na wangetoka pale wachezaji wabovu wa kawaida. Yeye akaamua watunge vya kwao kwa miili waliyokuwa nayo.

Sasa mtu asiyejua kucheza atasimamaje peke yake mbele za watu? Aibu tupu. Jamaa wakashikana, na nasema kushikana kweli kweli: huyu kamwegemea huyu, yule kapanda mgongoni, mwingine kaning'inia. Ngoma yao ya kwanza ilizaliwa hivyo, ya watu watatu, nayo ikaitwa Pilobolus.

Mbinu yenyewe mnaweza kuijaribu nyumbani (sogezeni meza kwanza). Wawili mtazamane, mshikane mikono, miguu yenu ikaribiane, halafu kila mmoja ajiachie nyuma. Mtalala pembe ambayo hakuna hata mmoja wenu angeiweza peke yake, na mmoja akiachia, wote chini. Pilobolus waliichukua siri hiyo ndogo wakaijengea nyumba nzima. Uzito ukipitia kwenye nyonga na mgongo badala ya kutegemea misuli ya mkono, mwembamba anambeba mnene na mwanamke anambeba mwanaume. Mazoezi yao hayakuwa ya kukariri hatua mbele ya kioo. Walikuwa wanacheza tu kama watoto, saa kwa saa, huyu anajaribu kitu, yule anakipokea, anayetazama anapaza sauti kwamba hiyo irudiwe. Mengi yanatupwa. Na kubishana, bwana, kulikuwa sehemu ya kazi, kwa sababu hapakuwa na bosi wa kusema basi.

Mwaka 1973 mwalimu mwenyewe akaingia kundini pamoja na mwanamke mwingine mchezaji, na kazi zikapata utani wenye uchungu ndani yake. Ngoma yao ya 1975 inayoitwa Untitled ina wanawake wawili wa kizamani, magauni marefu, wametulia. Ghafla wanarefuka mpaka wanakuwa majitu, magauni yamening'inia na chini inachungulia miguu yenye vinyweleo. Wanaume wawili uchi wamejificha humo ndani, wamewabeba, na baadaye wanatoka. Unacheka, halafu unajiuliza kwa nini umecheka. Nani alikuja na wazo hilo? Kikundi. Ndivyo walivyojibu siku zote, na kwa miaka mingi jibu hilo lilitosha.

Lilitosha mpaka hela na sheria zilipoingia. Marekani ngoma zilitajwa rasmi kwenye sheria ya hakimiliki iliyoanza kutumika 1978. Kisha 2004 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba ngoma nyingi za Martha Graham, gwiji aliyefariki 1991, hazikuwa mali yake ya kurithisha, kwa kuwa alizitunga akiwa mwajiriwa wa taasisi aliyoianzisha mwenyewe. Pilobolus nao walikuwa wameshakuwa kampuni yenye bodi na mkurugenzi. Bodi ikashikilia kwamba kazi zote ni za kampuni. Mwalimu akataka haki ya alizotunga. Mwishoni mwa 2005 akawa nje.

Kisheria naona kampuni ilikuwa na pa kusimamia, na ni kweli huwezi kumkata mtu mmoja kutoka kwenye ngoma iliyotungwa na miili sita. Lakini kumtoa aliyewafundisha kutunga, halafu ngoma zibaki, hapo mimi nashindwa kumeza. Mnapoanza mkiwa wanafunzi wasio na kitu, nani anakumbuka kuandika karatasi?

Mwaka 2007, usiku wa Oscar, dunia nzima iliwaona Pilobolus nyuma ya pazia jeupe. Vivuli vyao viliungana vikawa gari, vikawa kiatu cha kisigino kirefu, na ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu hakuwamo. Baadaye alifungua kundi lingine, na safari hii akaliita kwa jina lake.