Wavu Unaorithiwa: Chovai na Ujenzi wa Timu ya Taifa

Timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa wavu ikirudi mikono mitupu kutoka mashindano ya bara, shauri la kwanza kutolewa katika Afrika Mashariki ni kwamba wakongwe wapumzishwe na damu changa iingizwe. Shauri hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Tangu Kombe la Afrika la wanaume lilipoanza Tunis mwaka 1967 hadi lile la Cairo mwaka 2023, nchi nne tu ndizo zilizolitwaa: Tunisia, Misri, Algeria na Kamerun. Katika miaka hiyo yote, vijana hawakukosekana Kenya, Uganda, Tanzania wala Somalia. Kwa hiyo umri wa wachezaji hauwezi kuwa ndio siri. Hoja yangu ni kwamba timu hujengwa kwa urithi: mahali ambapo mkubwa na mdogo wanakutana kwenye uwanja mmoja mwaka baada ya mwaka, hata ustadi ukahama kutoka mkono hadi mkono. Ninaipima hoja hiyo Chovai, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, Somalia, kwa sababu huko ndiko tunakoona wazi gharama ya urithi kukatika.

Tuanze na jirani. Kenya ina shirikisho moja na mfumo uleule wa shule kwa wavulana na wasichana, lakini wanawake wake wamefika Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024, na wanaume hawajafika hata mara moja. Wanawake walipata vilabu vilivyodumu, Magereza, Pipeline na benki ya KCB, ambamo msichana aliyetoka shule alifanya mazoezi kila siku na wachezaji waliokwisha kuvaa jezi ya taifa. Atasema mtu kwamba wanaume nao wana GSU, Magereza na Bandari. Ni kweli, wanavyo. Lakini wanaume wanakutana na ukuta ambao ni mzito zaidi upande wao: Al Ahly na Zamalek za Cairo, na Espérance ya Tunis, humchukua mvulana akiwa bado mtoto na kumpandisha daraja kwa daraja ndani ya klabu ileile. Kijana wa miaka 20 wa Cairo anapoitwa timu ya taifa ana miaka kumi ya klabu nyuma yake. Wetu wa umri huohuo mara nyingi ndiyo kwanza anafunzwa kupokea sevu. Wote wawili huitwa vijana, na jina hilo moja linaficha tofauti kubwa.

Sasa twende Chovai. Koyama, Chovai na Chula ndivyo visiwa vikubwa vyenye watu katika safu ya visiwa vinavyoshuka kutoka Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Watu wake waliishi kwa bahari, na maarifa yao ya bahari yaliwashangaza wasomi. Mwitalia Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima juu yao, Pescatori dell'Oceano Indiano, kilichotoka mwaka 1955. Mfano ulio bora ni uvuvi wa kasa kwa taza, samaki mwenye kiungo cha kufyonza kichwani. Taza hufungwa kamba mkiani na kuachiwa majini, naye akishamganda kasa, mvuvi humvuta taratibu hadi chomboni. Kazi hii haisomwi kitabuni. Mtoto hukaa chomboni na baba au mjomba, akatazama jinsi kamba inavyolegezwa na inavyokazwa, akakosea, akaonywa, akarudia, hata mkono wake ukajua wenyewe. Anayepanga mpira kwa mpigaji hujifunza vivyo hivyo. Hakuna kocha anayeweza kumweleza kwa maneno ni lini hasa vidole viuachie mpira. Lazima awe amesimama misimu kadhaa kando ya mtu anayejua.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, mnyororo huo ulikatwa. Wabajuni hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwakinga. Wakaporwa, wakauawa, na waliosalimika wakapanda vyombo kwenda Kenya. Wengi waliwekwa kambi ya Jomvu, Mombasa, ambayo ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadhi yao wakarudishwa visiwani. Kijana aliyekulia kambini hakujifunza kuvua kwa taza, na hakuwa na timu ya kijiji ya kumlea. Waliorudi walikuta bandari yao ya Kismayo inagombewa na wenye bunduki. Wapiganaji wa Al-Shabaab walikuwa na sauti mjini humo tangu 2008, wakaondoka mwishoni mwa Septemba 2012 majeshi ya Kenya yalipoingia. Katika maeneo waliyoyatawala, hata kutazama Kombe la Dunia la 2010 kulikatazwa.

Somalia yote ilipata hasara ya namna hiyo, na kumbukumbu za michezo zinashuhudia. Mwaka 1981 Mogadishu iliandaa mashindano ya Afrika ya mpira wa kikapu ya wanaume, na wenyeji wakashika nafasi ya tatu, mbele ya nchi zenye watu wengi kuliko wao. Kisha vita vikaja. Uwanja mkuu wa Mogadishu uligeuzwa kambi ya majeshi, mkono huu ukiupokeza kwa ule, hadi ulipofunguliwa tena kwa michezo mwaka 2020. Timu ya soka ilicheza mechi zake za nyumbani ugenini, na huko Djibouti, tarehe 5 Septemba 2019, ndiko ilikoilaza Zimbabwe 1-0, ushindi wake wa kwanza katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Mwaka 2022 vijana wa chini ya miaka 17 walifuzu kwenda fainali za Afrika zilizofanyika Algeria mwaka uliofuata. Ninayathamini sana matokeo haya. Hata hivyo, miaka zaidi ya 40 imepita kati ya nafasi ile ya tatu na vijana hawa, na miaka hiyo ndiyo kipimo cha urithi uliopotea.

Wako wanaosema njia ya mkato ipo: watoto wa Wasomali waliozaliwa Ulaya na Marekani wakusanywe, timu itakuwa tayari. Hutaja timu ya bandy ya Somalia, mchezo wa barafuni, iliyoundwa mjini Borlänge, Sweden, mwaka 2013 na vijana wakimbizi ambao wengi wao hawakuwahi kuvaa viatu vya barafu, na ambao mwanzoni mwa 2014 walicheza mashindano ya dunia Irkutsk. Walifungwa, lakini walicheza. Nami nauchukua mfano huohuo kuwa ushahidi wangu. Borlänge ilikuwa na barafu, klabu na walimu walioujua mchezo tangu utotoni. Vijana waliingia katika urithi wa wenyeji. Aliyeko ughaibuni anaweza kuijaza jezi kwa msimu mmoja, lakini hawezi kumlea mtoto wa Chovai asiyemwona.

Pingamizi lililo zito ni jingine: kwamba visiwani watu wanataka maji, zahanati na usalama baharini kabla ya mpira, na kwamba kijiji kidogo hakiwezi kulisha timu ya taifa. La kwanza nalikubali bila ubishi. Pasipo amani hakuna uwanja. La pili silikubali. Mpira wa wavu unataka wachezaji sita, kiwanja cha mita 18 kwa 9 na wavu uliofungwa kwa kimo cha mita 2.43, na mchanga visiwani upo tele. Hata kisiwa kimoja kisipotoa mchezaji wa taifa kwa miaka 20, kikishindana kila mwaka na Koyama, Chula na mitaa ya Kismayo, kinawalea wale watakaotoka kwingine. Ligi hukuzwa na wapinzani.

Kwa hiyo wanaoisimamia michezo katika jimbo la Jubbaland, lenye Kismayo, na Mogadishu wasianze kwa kuita vijana kambini wiki tatu kabla ya mashindano. Waanzie Kismayo, wawatafute wachezaji wa miaka ya 1980 walio hai bado, wawape viwanja na watoto wa kuwafundisha. Mchezaji aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1981 sasa amevuka 60.