Ziwa Tana na Lugha Iliyopotea ya Waweito

Ziwa Tana liko katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi ya Ethiopia, yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa pana, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000, lakini si la kina kirefu. Na katika pembe yake ya kusini, karibu na mji wa Bahir Dar, ndimo utokamo mto Abay, yaani Nili ya Buluu. Wasafiri wameliandika sana, na karibu wote wameandika juu ya visiwa. Hilo si ajabu. Mgeni aondokaye Bahir Dar kwa mashua hufikishwa rasi ya Zege, penye misitu ya kahawa na makanisa yenye kuta zilizojaa michoro. Kisha Kebran Gabriel. Na akiwa na wasaa hufika Dek, ambako Malkia Mentewab alijenga kanisa la Narga Selassie katika karne ya 18, na Daga Estifanos, inakohifadhiwa miili ya wafalme, miongoni mwao Zara Yaqob na Fasiladas. (Daga haiwapokei wanawake, kwa hiyo maelezo mengi tuliyo nayo juu yake ni ya wanaume.)

Makala haya yanakusudia kuutazama ufuko, ambako mgeni huyo huyo hupita bila kusimama. Hapo, kandokando ya mafunjo, wanaishi Waweito. Wao ndio mafundi mashuhuri wa tankwa, mtumbwi wa mafunjo yaliyofungwa matita, ambao hunywa maji ukawa mzito na sharti uanikwe juani kabla ya kurudishwa ziwani. Zamani waliishi hasa kwa kuwinda viboko, na nyama hiyo ndiyo iliyowatenga. Wakristo wa Kiamhara waliwaona najisi, wasile nao chombo kimoja. Na ingawa Waweito ni Waislamu, Waislamu wenzao wa nchi ile nao waliwatilia shaka kwa sababu hiyo hiyo. Leo viboko hawawindwi tena, na wengi wao huuza vikapu, samaki na vifaa vya mafunjo. Lugha yao ni Kiamhara.

Je, walipata kuwa na lugha yao wenyewe? Ushahidi wa kwanza ni wa Mskochi James Bruce, aliyefika Gondar mwaka 1770. Bruce alijua Kiamhara, na aliarifu kwamba lugha ya Waweito ilikuwa mbali kabisa na lugha nyingine zote za Uhabeshi. Alipotaka kuichunguza, mfalme alimwitia Waweito wawili. Hawakujibu wala hawakuonyesha kuelewa aliloulizwa, hata walipotishiwa kunyongwa. Mtafiti aliyefuata, Mjerumani Eugen Mittwoch, aliarifu mwaka 1907 kwamba wote walisema Kiamhara. Baina ya taarifa hizo mbili ipo miaka mia na zaidi, na ndani ya muda huo lugha nzima imezama.

Mfaransa Marcel Griaule, katika safari yake ya 1928-29, alikusanya orodha ndefu ya msamiati wao. Mwenzake Marcel Cohen aliichambua mwaka 1939, akakuta maneno sita tu ambayo asili yake haikujulikana: shelkerit, gamba la samaki, qentat, bawa, chegembit, mbu, annessa, bega, enkies, paja la kiboko, na wazemes, uti wa mgongo wa kiboko. Mawili ya mwisho yanaelezeka kwa urahisi. Jirani asiyemla kiboko hana haja ya kuvipa majina viungo vyake, kwa hiyo Kiamhara hakikuwa na neno la kushika mahali pa yale ya Kiweito. Lakini maelezo hayo hayatoshi kwa mbu, maana Mwamhara naye huumwa na mbu. Frederick Gamst alipofika mwaka 1965 hakupata hata neno moja lililosalia, wala katika kazi ya uvuvi.

Juu ya maneno hayo sita wataalamu wamejenga mengi. Cohen alidhani lugha ile huenda ilikuwa ya kundi la Kiagau au ya Kisemiti, Gamst alielekea Kiagau, Gerrit Dimmendaal aliiweka miongoni mwa lugha za Kikushi, na M. L. Bender hakuiondoa mbali dhana ya Kinili-Sahara. Kwa maoni yangu mzigo huu ni mzito mno kwa maneno sita.

Lenye manufaa zaidi ni jambo jingine aliloliona Cohen, nalo halikutiliwa mkazo unaostahili. Kiamhara cha Waweito kilikuwa na maneno mengi ya Kiamhara yaliyopotoshwa kwa makusudi, ama sauti ama maana, ili mgeni asielewe. Maana yake ni kwamba lugha yao ilipokwisha, haja ya kuwa na maneno yasiyosikika na jirani haikwisha. Waliyachukua maneno ya jirani mwenyewe wakayafunga upya. Tukirudi Gondar na habari hii, kimya cha wale watu wawili hakionekani tena kuwa ujinga. Waliletwa kwa amri ya mfalme, mbele ya kitanzi, waulizwe maneno yao na mgeni. Walikataa.

Hapohapo visiwani, lugha nyingine isiyo na wasemaji wa nyumbani imetunzwa. Kigeezi kiliacha kusemwa kama lugha ya mama yapata miaka elfu iliyopita, lakini kina kanisa, wino na ngozi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 aliyopita Gamst akarudi mikono mitupu, Ernst Hammerschmidt alipiga picha miswada ya visiwa vya Tana, na juzuu ya kwanza ya orodha yake ikatoka mwaka 1973.

Nasi Kenya tunao Waelmolo wa Ziwa Turkana, wavuvi na wawindaji wa viboko, walioiacha lugha yao ya Kikushi wakashika Kisamburu. Huko maneno mengi zaidi yaliokolewa, kwa kuwa wazee walioyakumbuka waliulizwa kwa upole na kwa wakati. Kwa Tana, ninalopendekeza ni kazi ndogo: mtafiti ajuaye Kiamhara vizuri akusanye majina ya vihori, ya miamba na ya sehemu za tankwa katika vijiji vya Waweito, kisha ayapambanishe na Kiawngi kabla ya kusema neno lolote juu ya nasaba. Griaule alisikia Mweito mmoja akiimba wimbo katika lugha iliyokufa. Mwimbaji mwenyewe hakuuelewa, isipokuwa majina machache ya viungo vya kiboko. Wimbo huo haukuandikwa.