Mvuto wa Kifyatulio: Kutoka Bunduki za Bolti Hadi Nusu Otomatiki

Kifyatulio, au traiga kama askari wengi wanavyokiita, ndicho kiungo cha mwisho kati ya nia ya mlengaji na risasi inayotoka mtutuni. Kidole cha shahada kikikivuta, kishikizo kidogo cha chuma huachia nyundo, nyundo hupiga pini (katika bunduki za bolti pini huachiwa moja kwa moja), na baruti huwaka. Mvuto ukiwa mzito au wa kukwaruza, mkono mzima hukaza na mtutu huhama shabaha kabla risasi haijaondoka. Ukiwa mwepesi mno, bunduki inaweza kulia kwa kudondoka au kugongwa tu. Historia nzima ya kuboresha kifyatulio imekuwa ni kuhangaika na hatari hizo mbili kwa pamoja, na bunduki za nusu otomatiki ndizo zilizoufanya mtihani huo kuwa mgumu zaidi.

Suluhisho la kwanza lililofana lilitoka kwa mafundi wa Kijerumani, ambao kufikia karne ya 16 walikuwa wakitengeneza bunduki zenye vifyatulio viwili. Kimoja kilivutwa kwanza ili kutega springi ndogo, na kingine kikaguswa kidogo tu, springi ikafyatuka na kumalizia kazi. Wahamiaji wa Kijerumani waliupeleka ufundi huo Pennsylvania, na wawindaji wa Marekani wa karne ya 18 na 19 waliutegemea sana. Ulimfaa mwindaji anayelenga akiwa ametulia. Kwa askari anayekimbia matopeni, kifyatulio kilichotegwa kilikuwa balaa.

Kwa hiyo majeshi yalichukua njia nyingine. Bunduki za bolti za mwisho wa karne ya 19, zikiwemo Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898 na Lee-Enfield ya Uingereza, zilipewa mvuto wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ndefu na laini: kishikizo kinateleza kutoka mahali kiliposhika kwa kina. Kisha kidole kinakutana na ukinzani ulio wazi, na kuanzia hapo mlengaji anajua kwamba akiongeza nguvu kidogo bunduki italia. Ule mshiko wa kina ndio uliozuia ajali, na ule ukinzani wa pili ndio uliompa mlengaji uhakika. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, waliobeba Lee-Enfield walifunzwa kulenga kwa mvuto wa namna hiyo.

Bunduki inayojipakia yenyewe, yaani ya nusu otomatiki, ilivuruga hesabu hizo. Kwa bunduki ya bolti, mpigaji huachia kifyatulio, kisha huvuta bolti kwa mkono. Ile inayojipakia, kama Mondragón iliyopokelewa na jeshi la Mexico mwaka 1908, au RSC ya Ufaransa ya mwaka 1917, hurudisha bolti kwa nguvu ya gesi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kidole kikiwa bado kimekaza. Bila kitu cha kuidaka nyundo katika muda huo, nyundo ingefuata bolti mbele na bunduki isingekuwa tayari kwa risasi inayofuata, au ingelia bila mpigaji kutaka. Ikabidi kiongezwe kishikizo cha pili. Na kila kipande kinachoongezwa huleta msuguano wake, na kila msuguano kidole huuhisi.

Aliyelitatua tatizo hili kwa namna iliyodumu ni John Garand, mzaliwa wa Quebec, aliyefanya kazi katika kiwanda cha silaha cha serikali cha Springfield, Massachusetts. Bunduki yake, M1, ilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Nyundo yake ina kulabu mbele na nyuma. Bolti inaporudi na kuilaza nyundo huku kidole bado kimevuta, kishikizo cha nyuma huidaka. Kidole kinapoachia, nyundo huponyoka pale na kudakwa mara moja na meno ya kifyatulio chenyewe upande wa mbele, tayari kwa mvuto mpya. Mpigaji husikia mlio mdogo wa chuma na kuuhisi kidoleni. Mvuto wa hatua mbili, ambao askari walishauzoea, ulibaki.

Garand alifanya jambo jingine ambalo pengine lina uzito uleule. Mfumo wote wa kifyatulio wa M1 ni kifurushi kimoja: kinga ya kifyatulio ikivutwa na kufunguka, kila kitu hutoka chini ya bunduki bila kifaa chochote. Fundi aliweza kukitazama, kukisafisha na kukipima kikiwa mezani, tena bila kuigusa bunduki yenyewe. Bila urahisi huo, ufundi wa bunduki za mashindano usingestawi kama ulivyostawi.

Ufundi huo ulikomaa Camp Perry, Ohio, yanakofanyika mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha tangu mwaka 1907. Kuanzia mwaka 1953 Springfield ilitoa M1 maalumu kwa mashindano hayo, na mwaka 1956 jeshi likaunda kikosi chake cha walenga shabaha huko Fort Benning, Georgia. Mafundi walisawazisha nyuso za chuma zinazogusana ili mvuto uwe laini na usiobadilika, lakini kanuni iliwawekea mpaka: mvuto usipungue ratili 4.5, yaani takriban kilo 2. Ukaguzi wake ni wa wazi kabisa. Bunduki husimamishwa mtutu ukitazama juu, jiwe la mizani la ratili 4.5 huning'inizwa kwenye kifyatulio, kisha bunduki huinuliwa taratibu mpaka jiwe liache sakafu. Nyundo ikifyatuka, bunduki hiyo hairuhusiwi kushindana.

Kulabu pacha za nyundo ya Garand zinaonekana pia katika AK ya Mikhail Kalashnikov, iliyopokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949, ingawa humo vipande viliachiwa nafasi kubwa ili mchanga na tope visivikwamishe. Eugene Stoner, katika bunduki iliyokuja kuitwa M16, alichagua mvuto wa hatua moja, rahisi kutengeneza lakini wenye ukwaruzaji. G3 ya Ujerumani, inayofahamika kwa polisi wa Kenya, ilijulikana kwa mvuto mzito, na warithi wake wa kazi ya udunguaji walilazimika kurekebishwa: PSG1, iliyoundwa baada ya mauaji ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ilipewa kifyatulio cha takriban kilo 1.5.

Miaka ya 1990 M16 ilipochukua nafasi ya M14, mrithi wa M1, kwenye mashindano ya Marekani, walengaji waliona upungufu wa mvuto wa Stoner na kurudia hatua mbili, sasa ndani ya bunduki ambayo haikuwa nayo. Baadaye zikaja kaseti, yaani mfumo mzima uliokwisha kurekebishwa kiwandani na kufungwa katika kisanduku. Hayo ni maendeleo ya kweli, maana kifyatulio kilichopunguzwa uzito kwa kuparazwa na mkono usio na ujuzi hupoteza mshiko wa kina, na bunduki ya namna hiyo inaweza kulia mara mbili kwa mvuto mmoja. Kwa bunduki za kijeshi zinazoshindana Camp Perry, kiwango cha chini bado ni ratili 4.5.