Asili ya neno *besěda katika Kislavi-asilia

Maandishi ya kwanza ya Waslavi ni ya karne ya 9. Lugha iliyotangulia hapo haikuandikwa. Hivyo neno *besěda, yaani mazungumzo, limeundwa upya na wanaisimu kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo, na kinyota kinatukumbusha jambo hilo.

Wengi, akiwemo Max Vasmer katika kamusi yake ya asili ya maneno ya Kirusi (1950-1958), hulichambua kuwa *bez na *sěda, "kikao". Z ilimezwa na s iliyoifuata. Lakini katika Kirusi, Kipolandi na Kicheki bez ni "bila". Je, mazungumzo ni kutokaa? Jibu linatoka mbali, India: Kisanskriti kina bahis, "nje", neno lihesabiwalo kuwa ndugu wa bez. Kutoka "nje ya" hadi "bila" si safari ndefu. Basi *besěda ilikuwa kikao cha nje.

Maana zilitawanyika baadaye. Kwa Mrusi beseda ni mazungumzo, kwa Mpolandi biesiada ni karamu, kwa Mslovenia beseda ni neno tu. Kirusi kina pia besedka, kibanda cha bustanini, ambacho wengine wangependa kukitoa kama ushahidi. Sisi hatukubali: kibanda chaweza kuitwa hivyo kwa ajili ya mazungumzo yenyewe. Uzito wote uko juu ya bahis.

Msomaji wa Lubumbashi, aitaye baraza ukumbi wa nje na pia mkutano, hatashangaa. Ila mfano wetu si uthibitisho wa neno lao.