Kabla ya Bangkok Kulikuwa na Kalewa

Kila wiki lazima mtu anitumie video ya Mkenya mwenzetu akiwa Bangkok, Phuket ama Kuala Lumpur. Siku nne za kutalii, hekalu moja, soko la usiku, bakuli la tambi, halafu ile picha ya kidimbwi cha kuogelea juu ya paa. Chini yake swali huwa ni lile lile: "Na wewe wa Manyatta utafika lini?"

Nijibu mara moja. Watu wa huku ziwani walishafika upande ule miaka themanini iliyopita. Hawakupiga picha kidimbwini. Walienda na bunduki ya mtu mwingine, kwa nauli ya mtu mwingine, na wengine wako huko mpaka leo chini ya nyasi zilizokatwa vizuri. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo hii si lekcha. Lakini kusoma sikuacha, na hii stori inanikera vile hatuisemi.

Kama uko Kisumu, kuianza huhitaji hata pasipoti. Panda tuktuk pale Kondele, shuka Oginga Odinga Street, tafuta mnara wa saa. Wengi wetu tunautumia tu kuelekezana. Leo simama usome bamba. Mnara ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufa Kampala mwaka 1910. Aliyeuzindua, Agosti 1938, ni gavana wa Kenya wa wakati huo, Sir Robert Brooke-Popham.

Sasa huyo gavana mfuatilie. Mwaka 1940 Waingereza walimpeleka Singapore awe mkuu wa majeshi yao ya nchi kavu na anga Mashariki ya Mbali. Desemba 1941 Wajapani wakatua Malaya. Kabla mwezi haujaisha jamaa akawa ameshabadilishwa, na tarehe 15 Februari 1942 Singapore, ile ngome watu waliambiwa haiwezi kuingilika, ikajisalimisha. Machi 8 ikaanguka Rangoon, mji ambao leo unaitwa Yangon. Yaani mtu ambaye jina lake liko kwenye saa ya mtaani kwetu ndiye aliyekuwa ameshika usukani Singapore vita vilipoingia. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo, na nimepita hapo tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi.

Aprili 1942 ndege za Kijapani zikapiga Colombo na Trincomalee, kisiwani Ceylon, Sri Lanka ya leo. Meli za kivita za Mwingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa jirani wa Japani. Hapo ndipo askari wa King's African Rifles, wale tunaowaita keya, walianza kuvushwa bahari. Wengine walijiandikisha wenyewe kwa sababu ya mshahara. Wengine chifu alitakiwa kutoa vijana, naye akatoa. Baba yake nyanya yangu alikuwa mmoja wao, na nyanya anasema mzee hakuwahi kueleza ni aina gani ya hiari aliyoenda nayo. Alirudi na blanketi la jeshi na maneno machache ya Kihindi. Basi.

Safari yenyewe ilikuwa hatari kabla hujafika kwenye vita. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa watu, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na manesi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga torpedo mbili. Ilizama kwa kama dakika mbili hivi. Hebu fikiria uko chini kwenye sitaha za ndani, mtu wa Ahero ama Bondo, na una dakika mbili kutafuta ngazi. Walikufa watu 1,297. Na kuna sehemu ambayo kila nikiisoma lazima nifunge simu kidogo: nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Kiingereza zikaangusha mabomu ya majini hapo hapo. Majina ya wale wa mizinga yako kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ukipanga kutalii Nairobi siku moja, pita huko kabla ya kwenda kulisha twiga.

Waliofika salama walifunzwa vita vya msituni Ceylon, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa mpakani mwa India na Burma. Ilikuwa na watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Sisi tunabishana kila siku kama Kiswahili chetu cha Kisumu ni Kiswahili kweli, na kumbe watu wetu walikuwa wanakipigia kelele kwenye matope ya Burma, karibu na mto Chindwin.

Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal na Kohima katikati ya 1944 na walikuwa wanarudi nyuma. Kawaida mvua za masika ya kule zikianza, majeshi hutulia. Jenerali Slim aliamua hakuna kutulia, wafukuzwe hivyo hivyo kwenye mvua, na njia moja kuu ilikuwa bonde la Kabaw. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa keya. Bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti, na si kwa sababu ya risasi peke yake. Malaria ilikuwa nyingi ajabu, na kulikuwa na homa inayoletwa na vijidudu vya majanini. Barabara iligeuka uji, wakalaza magogo ili magari yapite. Chakula kiliangushwa na ndege kwa parashuti. Nyuma yao tembo walikuwa wakibeba mbao za madaraja. Mtalii wa leo analipa pesa kuona tembo Asia, bana.

Novemba wakafika Kalemyo, na mwanzo wa Desemba 1944 wakaingia Kalewa, mji mdogo kando ya Chindwin. Walivuka mto, wakashika ng'ambo, na wahandisi wakaweka daraja la vyuma la zaidi ya mita 350, refu kuliko lolote la aina yake duniani wakati huo. Halafu divisheni ikaondolewa, ikarudishwa India kupumzika. Rangoon ilipokombolewa Mei 1945, hawakuwa kwenye picha. Walifungua mlango, wengine wakaingia sebuleni.

Kwa hivyo utalii wao ulikuwa wapi? Ulikuwa likizo. Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa keya Burma, na ameandika kwenye kitabu chake kwamba katika siku zake za mapumziko Calcutta alikutana na mwanajeshi Mmarekani mweusi aliyemweleza habari za Haiti, jinsi watumwa walivyopindua mabwana zao. Raia wa India nao walimuuliza: nyinyi Waafrika mmeahidiwa nini mkishamaliza kumpigania Mwingereza? Hakuwa na jibu. Siku chache tu mjini, na mtu akarudi nyumbani na swali ambalo serikali ya koloni haikuwa na dawa yake. Huo kwangu ndio utalii uliowahi kuzaa matunda, na hakuna aliyeupiga video.

Jibu la lile swali lilikuja lenyewe. Baada ya vita, wanajeshi wazungu walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba Kenya. Keya hawakupewa ardhi. Nyaraka zilizotoka hadharani mwaka 2019 zinaonyesha hata malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi: mzungu wa cheo kile kile alipata mpaka mara tatu ya Mwafrika. Ndiyo maana huwa sielewi mtu akisema wazee wetu "walipelekwa kuona dunia".

Na kuna wanaojisifu walikuwa huko na hawakuwa. Idi Amin alipenda kusema alipigana Burma. Rekodi zinaonyesha aliingia jeshini 1946, vita vimekwisha. Ukiona mtu anadanganya ili ahesabiwe kati ya watu fulani, jua watu hao walikuwa na heshima yao.

Sasa tuje kwa leo, kwa sababu hii si stori ya zamani tu. Burma imekuwa Myanmar. Mtalii wa Yangon husimama Shwedagon, lile pagoda la dhahabu, na ni wachache wanaoendelea kilomita kama 35 kaskazini hadi makaburi ya vita ya Taukkyan, yenye makaburi zaidi ya 6,000 na kuta za majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Keya wamo. Lakini tangu mapinduzi ya Februari 2021 nchi iko vitani, na Mkenya kijana anayefika Myanmar siku hizi mara nyingi hakuwa anaenda Myanmar.

Mnajua ninachozungumzia. Ujumbe unaingia kwenye simu: kazi ya huduma kwa wateja Thailand, mshahara mzuri, tiketi imelipwa, siku chache za kwanza utatembezwa Bangkok upumzike. Unatua, gari linakuja, unapelekwa saa nyingi mpaka Mae Sot, unavushwa mto Moei usiku, na uko Myawaddy ndani ya ukuta, unalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Umoja wa Mataifa mwaka 2023 ulikadiria watu wasiopungua 120,000 wanashikiliwa hivyo Myanmar. Wakenya wamo, na mwanzoni mwa 2025 baadhi yao walitoka wakati vituo vingine vilipofunguliwa.

Huku Manyatta ofa hiyo imefika. Jamaa mmoja wa Gonda alionyeshwa tiketi kwenye simu. Mama yake, ambaye huuza omena Kibuye na hajawahi kupanda ndege, aliuliza jambo moja: "Na ya kurudi analipa nani?" Wakala alianza kuzungukazunguka, na safari ikaishia hapo. Jamaa yuko kwa boda, Kondele, mnaweza kuwa mmebebwa naye.

Mimi nikipata nauli yangu mwenyewe nitaenda, na nitapiga picha ya kidimbwi pia, msinicheke. Kabla ya hapo kuna kitu tunaweza kufanya bila nauli. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha yake ya majina kwenye intaneti, bure. Kama kwenu kuna mzee aliyeenda na keya na hakurudi, tafuta King's African Rifles, chagua Myanmar, weka jina. Jaribu tahajia zaidi ya moja, na O mwanzoni na bila O, maana si kila karani alijua kuandika jina la Kijaluo. Uliza nyanya kwanza jina la utotoni, la ubatizo na la baba yake, kisha uingie. Ukimpata, nitumie, nami nitamsoma jina lake hapa, kwa sauti, vile linavyotamkwa kwao.