Ndege Watano, Viraka vya Marekani na Kaseti ya Nyanya

Leo naweka kando mambo ya msimbo na hifadhidata nizungumzie katuni. Msicheke. Mkivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba hata katuni ina mambo ya kumfundisha mwandishi wa programu.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka minane, alinitembelea. Nikamwonyesha katuni niliyoipenda utotoni, Battle of the Planets. Alitazama vipindi viwili kimya, kisha akaniuliza: "Mjomba, mbona huyo roboti anasema mji hauna watu na mimi nawaona watu wakikimbia?"

Nilibaki mdomo wazi. Mimi niliitazama katuni hiyo miaka mingi bila kuliona jambo hilo.

Nilikutana nayo katikati ya miaka ya 1980. Jirani yetu alikuwa na deki ya video, na kaka yake aliyekuwa akisoma Uingereza alimletea kanda alizorekodi kutoka BBC. Kanda za Uingereza zilicheza vizuri kwetu kwa kuwa nchi zote mbili zilitumia mfumo wa rangi wa PAL. Zile za Marekani, zilizotumia NTSC, zilitoka zikirukaruka au bila rangi. Watoto wa mtaa mzima tulijazana sebuleni kwa jirani, tukikaa sakafuni. Vijana watano waliovaa mavazi ya ndege, mabawa ya kitambaa mgongoni, na ndege yao ya vita iliyogeuka moto mtupu ilipozidiwa na adui. Baada ya hapo tulirudi nyumbani na kufunga kanga za mama zetu shingoni tukaruka kutoka ukutani. Mimi nilikuwa Jason kila mara. Alikuwa namba mbili, mkali, asiyependa kuamriwa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Jason hakuwa Jason.

Tuanze mwanzo. Katuni yenyewe ni ya Kijapani. Jina lake ni Kagaku Ninjatai Gatchaman, na ilitengenezwa na studio ya Tatsunoko, iliyoanzishwa mwaka 1962 na Tatsuo Yoshida pamoja na wadogo zake wawili. Hao ndio waliotengeneza pia katuni ya magari ya mashindano inayojulikana kwa Kiingereza kama Speed Racer. Gatchaman ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Fuji tarehe 1 Oktoba 1972, ikamalizika tarehe 29 Septemba 1974, baada ya vipindi 105.

Vijana wenyewe ni Ken, Joe, Jun, Jinpei na Ryu. Ken ni tai na silaha yake ni bumerangi. Joe ni kondori, anarusha manyoya ya chuma. Jun, msichana pekee, ni batamaji mwenye yo-yo inayolipuka. Jinpei, mdogo wao, ni mbayuwayu. Ryu ni bundi, rubani wa ndege yao. Wanapigana na Galactor, genge linalotaka kuitawala dunia kwa kuiba madini, nishati na maarifa ya wanasayansi.

Angalia wakati huo. Mwezi Machi 1973, katuni ikiwa bado inaonyeshwa, mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba kampuni ya Chisso ilipe fidia kwa watu wa Minamata waliougua kwa zebaki iliyomwagwa baharini. Oktoba mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Ndani ya Gatchaman kuna shirika la wanasayansi linalotafuta nishati kutoka tumboni mwa dunia. Mtoto wa Japani aliyeitazama aliona hofu zilezile alizozisikia wazazi wake wakizijadili mezani.

Na watu walikufa ndani yake. Walikufa askari, wakafa raia. Ken anakuja kugundua kwamba rubani aliyekuwa akimsaidia ni baba yake mzazi, na muda si muda baba huyo anajitoa mhanga ndani ya roketi. Joe naye anagundua kwamba wazazi wake walikuwa watu wa Galactor, wakauawa walipojaribu kutoroka. Yaani wazazi wake walitoka upande wa adui anayemchukia kuliko wote. Hiyo ilikuwa katuni ya watoto.

Sasa tuvuke bahari. Mwezi Aprili 1977, mfanyabiashara wa vipindi wa Marekani, Sandy Frank, aliiona Gatchaman kwenye soko la vipindi vya televisheni huko Cannes, Ufaransa. Mwezi uliofuata Star Wars ikaingia kwenye sinema za Marekani na kila mtu akawa anataka kitu cha anga za juu. Bwana Frank alikuwa na katuni nzuri mkononi, lakini alikuwa na matatizo mawili. Kwanza, hadithi ilitokea duniani, si angani. Pili, ilikuwa na damu. Marekani ya wakati huo ilikuwa na vyama vya wazazi vyenye nguvu. Action for Children's Television, kilichoanzishwa mwaka 1968, kilikuwa kimeyabana mashirika ya televisheni kuhusu vipindi vya watoto. Hata Super Friends ya Hanna-Barbera, iliyoanza mwaka 1973 ikiwa na Superman, Batman na wenzao, ililainishwa mpaka mashujaa wakawa hawampigi mtu ngumi.

Frank akafanya nini? Kwa lugha yetu ya kazi, alichukua msimbo wa wenzake akaanzisha tawi lake. Battle of the Planets ilianza kuonyeshwa mwaka 1978. Kati ya vipindi 105 vilichukuliwa 85. Ken akawa Mark, Joe akawa Jason, Jun akawa Princess, Jinpei akawa Keyop na Ryu akawa Tiny. Sauti ya Mark ilikuwa ya Casey Kasem, mtangazaji maarufu wa redio.

Kisha vikaja viraka. Kila palipokatwa pakabaki shimo, na shimo hujazwa. Wakachora roboti mpya, 7-Zark-7, anayefanana na R2-D2 wa Star Wars, wakamweka kwenye kituo chini ya bahari pamoja na mbwa wa chuma. Kazi yake ni kuzungumza. Damu inapokatwa, Zark anatokea kueleza kilichotukia. Mji ukiteketea, Zark anatuhakikishia kwamba wakazi walihamishwa mapema. Hadithi ya dunia ikasemekana inatokea sayari nyingine, ingawa milima na barabara ni zilezile. Hata adui mkuu, Berg Katse, ambaye katika asili ana maumbile ya kiume na ya kike na wakati mwingine hujitokeza kama mwanamke, alipewa kiraka: huyo mwanamke akaambiwa ni dada yake.

Mimi nimeandika programu kwa zaidi ya miaka ishirini na navijua viraka vya namna hiyo. Mtu anakuta sehemu asiyoielewa au isiyompendeza, anaifuta. Programu inaanguka. Badala ya kurudisha alichofuta, anaongeza kipande kingine cha kuficha kosa, na kingine cha kuficha kipande hicho. Mwishowe kuna roboti mzima anayekaa chini ya bahari, na kazi yake pekee ni kusema kwamba hakuna lililoharibika.

Lakini tusimwonee mtu. Bila Frank mimi nisingewajua ndege wale watano. Na wazazi wale wa Marekani hawakuwa wajinga, kwani kila mzazi hujiuliza mtoto wake abebe nini na akiwa na umri gani. Tena, njia hiyo haikuishia kwa Frank. Power Rangers ya mwaka 1993, ambayo wengi wenu mnaikumbuka, ilitengenezwa kwa kuchukua mapigano ya kipindi cha Kijapani na kuyaunganisha na waigizaji wapya wa Marekani.

Kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Filamu asili ilibaki Japani, salama. Kwa hiyo mwaka 1986 Wamarekani walirudi kwenye chemchemi ileile wakatengeneza toleo jingine, G-Force, lililoikaribia zaidi hadithi ya kwanza ingawa majina yalibadilika tena. Na mwaka 2005 kampuni ya ADV ikaanza kutoa Gatchaman nzima kwenye DVD, vipindi vyote 105 bila kukatwa. Miaka 27 baada ya viraka, mtu aliweza kuipata asili.

Hizo DVD ndizo zilizonifikia mimi. Nilitazama mpaka mwisho, mwisho ambao Battle of the Planets haikutuonyesha kamwe. Joe anaumwa. Ana jeraha la zamani kichwani, anapata kizunguzungu, macho yanamzima katikati ya vita, naye anawaficha wenzake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anapogundua kwamba siku zake zimekwisha, anakwenda peke yake kwenye ngome ya Galactor, anapigwa risasi, na wenzake wanalazimika kumwacha nyasini kwa sababu dunia iko karibu kulipuka. Lakini kabla hajaanguka alikuwa amerusha unyoya wake mmoja wa chuma na ukakosa shabaha. Unyoya huo ulitumbukia ndani ya mitambo. Dakika za mwisho, wenzake wakiwa wameshindwa kabisa, unyoya unakwama kwenye gurudumu la meno na mtambo unasimama. Hakuna anayejua kilichouzuia. Mtazamaji peke yake ndiye anayejua.

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nililia. Huyo ndiye niliyejifanya kuwa yeye nikiruka kutoka ukutani, na sikuwa nimeambiwa kwamba alikufa. (Ndiyo, walimfufua mwaka 1978 katika Gatchaman II akiwa nusu mashine. Hilo tuliache.)

Basi mtoto wa dada yangu aliponiuliza kuhusu watu wanaokimbia kwenye mji usio na watu, nilitaka kumweleza yote haya kwa kiburi cha mtu anayejua. Nikafungua mdomo, nikakumbuka jambo langu mwenyewe, nikaufunga.

Mwaka 2003 nilimrekodi nyanya yangu kwenye kaseti akisimulia hadithi ya zimwi. Mnaijua aina yake: zimwi linameza watoto, shujaa analiua, kidole chake kidogo kinakatwa na waliomezwa wote wanatoka. Ila kwa nyanya hawakutoka wote. Kifungua mimba hakutoka. Nyanya aliimba wimbo wa kumwita, polepole, kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Baada ya hapo ndipo aliposema hadithi imeishia hapo.

Niliihamisha kaseti kwenye tarakilishi, nikiwa na furaha ya programu mpya ya kuhariri sauti. Nilitaka kuwapelekea watoto wa ukoo. Nikaona mwisho ule ni mzito na wimbo ni mrefu. Nikakata. Nikaunganisha mahali nyanya aliposema watoto wametoka, nikaweka muziki kidogo pale palipobaki shimo. Kisha nikahifadhi juu ya faili ileile. Kaseti nayo nikairekodia nyimbo za redio, maana kaseti tupu zilikuwa pesa.

Nyanya alifariki mwaka 2009. Wimbo ule siwezi kuuimba. Nakumbuka maneno machache ya mwanzo, sauti yake sina. Watoto wa ukoo wanaijua hadithi ambayo kila mtu hutoka salama, na wanaamini ndiyo ya nyanya. Zark wa ukoo wetu ni mimi.

Tofauti yangu na Sandy Frank ni kwamba yeye alikata nakala. Mimi nilikata asili. Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna DVD ya mwaka 2005 itakayonirudishia nyanya.

Nilimwambia mtoto yule yote mawili, la Joe na la nyanya. Alifikiri kidogo, akauliza wimbo ule ulikuwa wa nani. Nikamwambia wa kaka aliyebaki tumboni mwa zimwi. Akasema afadhali nimwambie, maana sasa anajua kuna mtu wa kumkumbuka. Nilihofia kwamba ukweli ungewavunja moyo watoto, kumbe huyu alikuwa akiutafuta.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mama. Yeye na mama mdogo walikaa jikoni wakijaribu kuukumbuka wimbo. Hawakubaliani kuhusu ubeti wa pili, nami nimewarekodi wote wawili, pamoja na ubishi wao. Faili ya zamani nimeibandika maelezo: sehemu hii ilikatwa na mimi, muziki huu niliuongeza mimi, mwisho haukuwa hivi. Rekodi mpya nimezifanya za kusoma tu, nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba yangu.

Ndugu msomaji, ukitaka kukata, kata. Watoto wana umri wao na hadithi zina njia nyingi. Lakini kata nakala, andika ulichokata, na asili uiache mahali ambapo mjukuu ataikuta. Je, nawe una kaseti kabatini ambayo hujaihamisha? Itafute leo jioni, kabla utepe haujaoza, na kabla aliyeirekodi hajaondoka.