Wazee Wenye Demensia katika Wodi za Uingereza

Katika Uingereza ya karne ya 19, mzee maskini mwenye demensia aliishia kwenye makazi ya mafukara, akalazwa pamoja na waliopooza na wasio na kwao. Mwaka 1935 Dk. Marjory Warren alikabidhiwa wodi za namna hiyo huko Isleworth, London, zenye wagonjwa 714. Wengi walikuwa hawajainuka kitandani kwa miaka. Aliwapima mmoja mmoja, akawatenga kwa maradhi yao, akawasimamisha na kuwatembeza. Baadhi wakarudi makwao.

Hospitali za magonjwa ya akili zilichelewa mno kubadilika namna hiyo. Kitabu cha Barbara Robb cha 1967, Sans Everything, kilifichua wodi ambamo wazee walinyang'anywa miwani, meno ya bandia na vifaa vya kusikilizia. Asiyeona, asiyesikia na asiyeweza kutafuna huonekana amepotewa na akili hata kama zimo. Wodi yenyewe ilikuwa ikizidisha ugonjwa. Serikali iliyakana madai hayo, lakini baada ya ripoti ya 1969 kuhusu kutendewa vibaya kwa wagonjwa katika hospitali ya Ely, Cardiff, ikaunda chombo cha kukagua hospitali.

Mwaka 2014 Nicci Gerrard na Julia Jones walianzisha Kampeni ya John, kwa jina la baba yake Gerrard, aliyedhoofika vibaya alipolazwa huku ndugu wakizuiwa kumwona. Tangu hapo hospitali nyingi humruhusu anayemuuguza mgonjwa nyumbani kukaa naye wodini, hata nje ya saa za kutazama wagonjwa.